Mlio wa Kazi Mbili

Mungu akikijalia kijiji benchi, hukijalia pia watu wa kulikalia. Benchi la Kwelusonge lilikuwa la mataluma mawili, yale magogo ya kulazia reli, yaliyoletwa kutoka Korogwe, limewekwa pale njia ya mashambani inapoikuta barabara iendayo Handeni. Na tangu watu wa vitongoji vya huku na huku walipohamishwa na kupangwa katika nyumba arobaini na moja, halikupata kukaa tupu asubuhi hata moja. Sadala, aliyeitwa Dele kwa ajili ya birika la shaba lisilombanduka mkononi, aliuzia hapo kahawa na kashata. Mhina, katibu wa kijiji, aliitwa Azimio, kwa kuwa hakuweza kuomba hata chumvi bila kutaja kikao. Kibwana, fundi baiskeli, aliitwa Spana. Na wa nne, mwinjilisti Kaleb Hiza, Mshambaa wa Vugiri aliyeteremka bondeni kuhubiri na asipande tena, aliitwa Mzee Mawimbi. Jina ambalo alilipenda kuliko mtu wa Mungu anavyopaswa kulipenda jina lolote la duniani.

Alhamisi hiyo, mwishoni mwa Oktoba ya mwaka sabini na tano, Kaleb alishika kikombe chake bila kukinywa. Kipande cha reli kilichoning'inia mbele ya ofisi ya kijiji kilikuwa kimepigwa alfajiri, na nyumba arobaini zilikuwa zimejibu. Ya arobaini na moja, ile ya Mzee Mwinjuma ng'ambo ya korongo, ilikuwa kimya. Jana ilikuwa kimya. Na juzi.

Mlio ule ulikuwa kazi ya mikono ya Kaleb. Katika vita vya Waingereza alikuwa askari wa ishara, akawekwa juu ya kilima kinachotazama bahari, penye mitambo miwili. Mmoja ulikuwa wa redio, wa kupeleka maneno. Mwingine ulikuwa wa rada, uliotupa wimbi angani na kungoja lirudi na habari ya kile lilichokigusa. Kwa miaka thelathini alibeba moyoni swali moja: kwa nini mitambo miwili? Kwa nini wimbi moja lisiseme na kuona katika safari ile ile? Kijiji kilipozaliwa, alipata nafasi ya kulijibu. Reli ilipigwa kuwaambia watu kazi ya siku. Kisha ikanyamaza, na kila nyumba ikajibu kwa zamu kwa kupiga debe lililotundikwa mlangoni. Pigo moja, tu wazima. Mawili, tuna mgonjwa. Matatu, nguruwe wameingia shambani. Kaleb alisimama chini ya reli na kibuyu mkononi, akitia punje ya hindi kwa kila jibu. Reli ilisema, na reli hiyo hiyo ikahesabu. Habari zilikuwa zimefika wilayani, na wageni walikuwa njiani asubuhi hiyo kuja kuyaona maajabu.

— Arobaini, akasema Mhina, akifungua daftari juu ya goti. — Mzee Mawimbi, niandike arobaini?

— Andika ulichosikia.

— Nilichosikia mimi si hoja. Taarifa iliyokwenda wilayani inasema arobaini na moja. Wageni wakisimama pale wakahesabu wenyewe, tutawaambia nini?

— Tuwaambie ni korongo, akasema Kibwana. — Lile korongo linameza sauti. Nimelipima mwenyewe. Nikimwita mbuzi wangu kutoka upande huu, yeye akiwa upande ule, hageuki.

— Mbuzi wako hageuki hata ukimwita sikioni, akasema Sadala, akimmiminia kahawa. — Anakujua.

— Mimi naongea ufundi, Dele.

— Hata mbuzi anaongea ufundi. Anaona kisu, anakwenda ng'ambo ya korongo.

Kaleb alikitua kikombe chake kwenye taluma, kisha akakiokota tena. Jambo la ufundi lilikuwa limetajwa, naye hakuwa na nguvu ya kuliacha lipite.

— Si korongo, akasema. — Ni umbo la mlio. Sikilizeni. Mlio wa kusema na mlio wa kutafuta haitaki umbo moja. Neno linataka urefu na mabadiliko, pigo hapa, nafasi pale, ili mtu atofautishe kulima na kupalilia. Rada inataka pigo fupi, kali, lile lile kila siku, ili likikurudia ulijue kuwa ni lako. Sasa, ukirefusha ili useme mengi, mkia wa mlio wako mwenyewe unalifunika jibu. Ukifupisha ili usikie vizuri, hujasema kitu.

— Kama mume na mke, akasema Sadala.

— Nyamaza, Dele.

— Nimenyamaza. Nataka tu kujua kati yao nani ndiye rada.

— Kwa hiyo kosa liko wapi? Mhina akauliza, kalamu tayari.

— Kosa liko kwako, Ndugu Katibu. Mimi nilikupa mapigo matatu. Wewe ukaongeza mawili ya kukisalimu Chama, manne ya kukumbusha mkutano, na yale sita ya kilimo cha kufa na kupona.

— Hayo ni maagizo.

— Ni maagizo, sikatai. Lakini chuma hakijui kunyamaza kwa amri. Kinavuma bado wakati nyumba za mwisho zinajibu. Tunajifunika wenyewe kwa kelele zetu, halafu tunasema wenzetu hawatujibu.

Maneno hayo yalimtoka kwa uzito wa mimbari, na kama angeyasikiliza yeye mwenyewe, kisa hiki kingeishia hapa. Lakini mhubiri ni mtu wa mwisho kuisikia hotuba yake. Alikuwa amekwisha kuinama, akichora mavumbini kwa kijiti: mstari wenye vilima virefu, huo ni usemi, mstari wenye miiba, huo ni utafutaji, kisha mstari wa tatu, wenye vilima na juu ya kila kilima mwiba.

— Ninyi mnahangaika na vyuma, akasema Sadala, akikichungulia kile mchoro. — Nabii Sulemani hakuwa na chuma. Alikuwa na ndege, hudhud. Yule yule aliyeruka akaiona nchi ya Sheba na malkia wake, ndiye aliyepewa barua akaipeleka. Jicho na posta, katika manyoya yale yale. Hakuwa na ndege wawili.

Kaleb aliinua uso, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akatabasamu.

— Hilo nalikubali kabisa, ndugu yangu.

— Na ilianza hivi: Sulemani aliwakagua ndege wake wote, akaona mmoja hayupo.

— Akafanya nini? Mhina akauliza.

— Akasema atamwadhibu adhabu kali, asipoleta sababu.

— Mnaona, akasema Mhina, akiandika. — Hata manabii walikuwa na kamati ya nidhamu.

Jambo ambalo Kaleb hakulisema benchini, wala hakulisema katika sala zake isipokuwa kwa kuzungukazunguka, ni hili. Mwaka uliopita, malori yalipokuwa yakikusanya watu, Mwinjuma alikataa kutoka shambani kwake, penye kaburi la mkewe. Ni Kaleb aliyetumwa kumlainisha. Alikaa naye siku nzima. Akamweleza habari za Ibrahimu, ambaye ni baba wa wote wawili, wa msikitini na wa kanisani, jinsi alivyoitwa kutoka katika nchi yake na jamaa zake, akaondoka asijue aendako. Mzee yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu: huko, nikiugua, nani atajua? Kaleb akajibu: mimi. Akaapa kwa hilo. Mwinjuma akafunga mkeka wake.

Akapewa nyumba ya mwisho, kwa kuwa alifika mwisho. Paa lake lilikuwa bovu, na Kaleb akaahidi kuja na watu wa kanisa kuliezeka. Wiki ikapita, mwezi ukapita, na kila wiki iliyopita iliifanya ahadi kuwa nzito zaidi na korongo kuwa pana zaidi. Siku ya Idi alimsalimu kwa kuinua mkono, akiwa upande huu. Kisha likaja debe. Kila asubuhi debe la ng'ambo lilipolia, pigo moja, Kaleb alitia punje ya arobaini na moja kibuyuni akasikia amani ikimshukia, na akaidhania kuwa ni amani ya Mungu.

— Mimi nasema ni reli yenyewe, Kibwana aliendelea. — Chuma hiki ni cha Mjerumani. Kimekaa kwenye njia ya Tanga miaka sitini kikielekea baharini. Chuma kinashika tabia kama mtu. Sasa tumekitundika, lakini moyo wake bado uko Tanga. Sauti yake inakwenda Tanga.

— Ndiyo maana watu wa kule hawalali, akasema Sadala.

— Cheka. Tukikigeuza, ncha hii ikatazama korongo, utaona.

— Tatizo si Tanga, Spana. Tatizo ni korongo lenyewe lina mwenyewe. Bibi yangu alipita pale akasikia ngoma ya harusi, na harusi hiyo ilichezwa mwaka mmoja nyuma, bibi harusi ana mtoto mgongoni. Yule wa korongoni anaweka sauti za watu. Anazitunza. Jibu la Mwinjuma la juzi huenda likatoka mwakani.

— Tutaliandika mwaka gani? Mhina akauliza kwa wasiwasi wa kweli.

— Utaliandika likitoka.

— Hapana, akasema Mhina, akiteremsha sauti na kutazama barabara pande zote mbili. — Hapa tusidanganyane. Wako mabeberu ambao hawapendi mlio huu. Wanajua kijiji kikiweza kusema na kuona kwa chuma kimoja, kesho wilaya itaweza, keshokutwa taifa. Nimesikia kikaoni kwamba wana mitambo ya kupiga kimya.

— Kimya kinapigwaje?

— Kinapigwa. Wewe unatuma wimbi linapanda, wao wanatuma wimbi linashuka. Yanakutana juu ya korongo, yanakulana. Unabaki na hewa tupu.

— Hilo, akasema Kaleb polepole, — ndilo neno la kwanza la kweli ulilosema leo. Mawimbi mawili yakikutana kinyume, yanaweza kufutana.

Mhina alijinyoosha kwa fahari, kwa kuwa hakuwa amelitegemea.

Na hapo Kaleb akaingia mwenyewe katika bahari ile ile aliyopaswa kuwaokoa wenzake wasizame. Akaeleza kwamba reli moja haitoshi. Zitafutwe mbili, moja fupi yenye sauti nyembamba, moja ndefu yenye sauti nene, zipigwe pamoja: nyembamba ibebe maneno, nene itambae chini ya korongo ikatafute. Na mapigo yasilingane, bali yapangwe kama Zaburi, ubeti na kiitikio, ili kila nyumba itambulike kwa nafasi yake hata kama zote zingejibu kwa wakati mmoja. Alichora mpaka mavumbi yakaisha mbele ya miguu yake, akasogea, akaanza penye mavumbi mapya. Alisema kwamba sauti huenda kutoka relini hadi kwa Mwinjuma na kurudi kabla mtu hajamaliza kutamka amina. Alilijua hilo hasa. Alikuwa ameipima kwa saa yake ya askari, mara saba.

Sadala alimtazama kwa muda, birika likiwa limeinama mkononi.

— Labda anaumwa, akasema.

— Nani?

— Mwinjuma.

— Mgonjwa hupiga mara mbili, akasema Mhina. — Imo katika utaratibu. Hakupiga mara mbili. Kwa hiyo haumwi.

— Na kama amekufa?

— Hilo halina mlio, akasema Kibwana. — Mzee Mawimbi hakuliweka.

Wote watatu wakamgeukia Kaleb. Hakikuwa kicheko, wala haikuwa lawama. Lilikuwa swali la watu wanaotaka kujua chombo chao kinavyofanya kazi.

— Maiti atapigaje debe? akasema Kaleb.

— Ndiyo nasema, Kibwana akajibu. — Ni pengo katika ufundi.

Kaleb alisimama nusu. Alisema kwamba pengine ingefaa mtu avuke, atazame tu, mara moja, arudi. Mhina akamshika kanzu.

— Mzee wangu, wewe ndiye mhesabu. Wageni wakifika hupo, nani atawaeleza mambo ya vilima na miiba? Mimi? Kaa. Wakiondoka, tutaunda ujumbe wa watu watatu, utavuka kwa heshima.

Naye akakaa. Tena alikaa kwa shukrani, na shukrani hiyo ndiyo ambayo baadaye ilimwuma kuliko dhambi nyingine zote za wiki ile. Kuna mtu mmoja katika Maandiko aliyekaa akiota moto uani, usiku ambao rafiki yake alikuwa akihukumiwa ndani; moto ulikuwa mzuri, na kila aliyemwuliza alimpa jibu fupi. Tusimcheke. Kila benchi lina joto lake.

— Kuhusu hesabu ya leo, reli itakapopigwa tena mbele ya wageni, akasema Kibwana, — mimi nina dawa. Kuna debe la mafuta ya taa pale kwangu. Nitakaa nyuma ya ghala, upande wa korongo. Nyumba ya arobaini ikishajibu, nahesabu tatu kimoyomoyo, napiga moja. Atakayejua nani?

— Hiyo ni kusema uongo kwa bati, akasema Kaleb.

— Si uongo, Mhina akadakia. — Ni kukaimu. Mwenye nafasi hayupo, nafasi yake inakaimiwa. Hata serikalini, mkubwa akienda likizo, kiti hakiachwi wazi. Mwinjuma akipona, au akirudi, au akiacha kiburi, atakabidhiwa debe lake.

— Na huo mlio si ndio wako, Mzee Mawimbi? akasema Kibwana kwa upole. — Tunakulinda wewe. Wageni wakisikia arobaini, watasema chombo chako kimeshindwa. Nacho hakikushindwa.

Kaleb hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Mhina, aliyezoea mikutano, alijua hesabu ya kimya kama hicho, akaandika: limekubaliwa. Kibwana akainuka kwenda kulitafuta debe lake.

Wakati huo basi la kutoka Korogwe likaja likichechemea, springi imekatika, likasimama ng'ambo ya barabara. Abiria wakashuka kunyoosha miguu. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye kapu la karoti na kabichi za milimani, alivuka akaja mpaka benchini, akashusha kapu lake.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Karibu kahawa.

— Asante. Naitwa Rosina, natoka Kwashemshi. Nilikuwa nampelekea dada yangu Handeni mboga, sasa sijui zitafika mboga au zitafika majani.

Kaleb alimsalimu kwa Kishambaa, wakaulizana habari za mvua huko juu na za ukoo, kwa utaratibu, bila haraka. Kisha macho ya Rosina yakaanguka kwenye michoro iliyotanda mavumbini kutoka mguu wa benchi hadi ukingo wa barabara.

— Hii ni ramani ya nini?

Hakuna furaha kama ya mwenye chombo kipya aliyepata mgeni asiyekijua. Walimweleza wote kwa pamoja. Mhina alimweleza mapigo ya maagizo. Sadala alimweleza hudhud. Kaleb alimweleza vilima na miiba, redio na rada, na jinsi chuma kimoja kinavyofanya kazi mbili ambazo Waingereza walizifanyia mitambo miwili na injini mbili za dizeli. Rosina alikunywa kahawa yake taratibu, akitikisa kichwa, akiuliza penye giza, mpaka akaridhika.

— Nimeelewa, akasema. — Reli inaita, nyumba zinajibu, na isiyojibu mnaijua saa hiyo hiyo.

— Hasa, akasema Kaleb.

— Kama hii ya huyo mzee wa ng'ambo. Mmeijua tangu Jumanne.

— Tangu Jumanne alfajiri, akasema Mhina. — Kabla jua halijatoka. Hapo ndipo utaona uwezo wa chombo.

— Nani amekwenda kumtazama?

Mhina aliangalia daftari lake, akafunua ukurasa, akafunua na wa nyuma yake, kama kwamba jina lingeweza kupatikana katika kumbukumbu za kikao. Sadala alimimina kahawa katika kikombe kilichojaa mpaka ikafurika juu ya taluma, na hakuifuta.

— Nimeuliza tu, akasema Rosina. — Sisi kwetu hatuna reli.

Kaleb alisikia maneno hayo yakiingia, na hayakurudi. Alikumbuka Bustani, jinsi yule aliyejua kila kitu alivyotembea jioni akimwita mtu aliyejificha, akiuliza aliko. Mara ngapi amelihubiri hilo? Amelihubiri kama habari ya kuita. Hakupata kuona, hata mara moja, kwamba aliyeita alikuwa tayari anakuja kwa miguu yake.

Akainuka. Upande wa Handeni, vumbi jekundu lilikuwa limeanza kupanda juu ya miti.

— Landrova hiyo, akasema Mhina. — Wageni. Mzee, kaa mahali pako.

Kaleb akamwekea kibuyu mkononi.

— Hesabu mwenyewe, Ndugu Katibu.

— Mimi sijui miiba hiyo.

— Hata mimi sikuijua.

Akaondoka. Nyuma yake alisikia mlango wa gari ukifungwa, sauti za salamu, na Mhina akianza kueleza kwa sauti ya mkutano. Njia ya kwenda korongoni ilikuwa hatua mia nne. Kwa sauti, ikipimwa kwa saa ya askari, ilikuwa nukta moja tu ya kwenda. Kwa mtu mwenye miaka hamsini na mitano, anayepita mbele ya nyumba alizozijua kwa idadi, ilikuwa njia ndefu, na alishangaa kuona kwamba nyumba ya thelathini na tatu ilikuwa imepanda mchicha, na kwamba ya thelathini na nane ilikuwa na mtoto mchanga. Debe halikuyasema hayo. Chini ya korongo mchanga ulikuwa mkavu, umejaa nyayo za mbuzi. Alipanda upande wa pili akishika mizizi kwa mkono mmoja, na alipofika juu ndipo alipogundua kwamba mkono wa pili bado umeshika kikombe cha Sadala, kahawa nusu imemwagikia vidoleni.

Ngazi ya miti ilikuwa imeanguka kando ya nyumba, na nyasi za kuezekea zimetawanyika. Debe lilitundikwa mlangoni, kijiti chake kimechomekwa mahali pake.

— Hodi, akasema.

Reli ikaanza kulia nyuma yake: mawili ya Chama, manne ya mkutano, sita ya kufa na kupona. Alingoja. Chuma kilivuma juu ya paa zote, na hakuweza kusikia kitu kingine. Akasukuma mlango.

Mwinjuma alikuwa sakafuni, katikati ya kitanda na kizingiti, ametanguliza mkono mmoja. Mguu wake ulikuwa umevimba na kukaa mahali ambapo mguu haukai. Macho yalikuwa wazi.

— Nani? akauliza, midomo imepasuka.

— Ni Kaleb.

— Umevuka.

— Nimevuka, mzee wangu.

— Nilipanda Jumatatu kuziba paa. Ngazi ikaniacha. Nikajikokota mpaka kitandani, nikidhani ni maumivu ya kulalia, asubuhi mguu ukakataa. Nimekuwa nikilifuata debe tangu siku ile. Kutoka kitandani hadi hapa ni siku mbili. Maji yaliisha jana.

Kaleb alipiga magoti, akamwinua kichwa, akamlowesha midomo kwa kahawa iliyosalia, tone kwa tone, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo. Maneno yalimjia kwa wingi, ya toba na ya faraja, mengine kwa Kishambaa, mengine kutoka katika Maandiko, yamepangika vizuri kama yalivyomjia maisha yake yote. Akayaacha yote. Akakunja koti lake, akaliweka chini ya kichwa cha mzee.

— Nakwenda kisimani, akasema. — Kisha nakwenda kuwaita watu, tukubebe mpaka barabarani. Kuna gari.

— Ngoja kidogo, akasema Mwinjuma, akimshika mkono. — Usiondoke sasa hivi.

Akangoja. Reli ilikuwa imenyamaza. Nje, kwa mbali, nyumba zilikuwa zimeanza kujibu, moja moja, kwa zamu, mwendo wa watu waliofundishwa vizuri. Wote wawili walisikiliza, kwa kuwa hakukuwa na jambo jingine la kusikiliza. Nyumba ya ishirini. Ya thelathini. Ya thelathini na tisa, debe lake limepasuka. Ya arobaini.

Kikapita kimya cha kuhesabu tatu.

Kisha, kutoka upande wa ghala, likalia debe. Pigo moja, safi, lisilo na shaka.

Mwinjuma aligeuza macho polepole kuelekea mlangoni, akalitazama debe lake lililoning'inia pale bila kutikisika.

— Nani huyo aliyenijibia? akauliza.